Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Pittsburgh

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana, karibuni.

Kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni ziara za Kiswahili pale Point, inapokutana mito Allegheny na Monongahela na Ohio kuanza. Kamati ilivutana: ngome ya Kanali Mercer, ya Waingereza wa karne ya 18, iingie kwenye ziara, au iachwe? Waliopinga walisema hakuna cha kuonyesha, na ni kweli. Nyumba ya matofali ya 1764, iliyobaki ya Fort Pitt, ngome kubwa ya Waingereza, ipo, alama za mawe zinazoonyesha Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa, ilipokuwa zipo. Ya Mercer, hata gogo hakuna. Imeingia, na nilikuwa upande wa walioitaka.

Wafaransa, wakiwa vitani na Waingereza, waliilipua wenyewe Duquesne tarehe 24 Novemba 1758. Kesho yake Jenerali John Forbes wa Waingereza akakuta majivu. Alikuwa na maelfu ya askari, baridi imeshaingia, na chakula kilitegemea njia ya milimani kutoka Carlisle. Akarudi na wengi, akamwachia Kanali Hugh Mercer watu kama 200. Mercer alikuwa daktari Mskoti aliyewahi kuwa upande wa waasi dhidi ya mfalme wa Uingereza katika vita vya Culloden, Uskoti, 1746. Sasa anamlindia mfalme huyohuyo makutano ya mito! Katikati ya baridi hiyo wakajenga kingo za Monongahela ngome ndogo ya mraba, yenye buruji nne, ya kujisitiri tu mpaka ya kudumu ijengwe.

Kiangazi cha 1759 Lignery, kamanda Mfaransa yuleyule aliyeilipua Duquesne, alikusanya watu Venango, kaskazini kwenye mto Allegheny, ili aje kuivamia. Akaitwa haraka kuiokoa Niagara, ngome ya Wafaransa iliyozingirwa, akashindwa huko Julai. Ngome ya Mercer ikanusurika, na Septemba ujenzi wa Fort Pitt ukaanza.

Wageni wetu waliopitia kambi za wakimbizi huuliza upesi: wenye ardhi je? Waongozaji walijibu kwa mkato mno, hilo tunalirekebisha. Oktoba 1758, kwenye mkataba wa Easton, makabila ya wenyeji, Walenape wakiwemo, yaliahidiwa na Waingereza kwamba ardhi za magharibi ya milima ya Allegheny hazitachukuliwa. Waingereza hawakuondoka. Mwaka 1763 Fort Pitt ikazingirwa na makabila ya wenyeji.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma. Wenye madeni ya ada mnajijua. Wanaotaka kuongoza ziara wajiandikishe kwa katibu leo, hasa wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo, maana kundi hilo limekosa mwongozaji.