Barua kwa Rashidi: kabla hujaagiza rili ya mpira

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, hofu ni kwako na hao wenzako mnaolala huku mkiyumbishwa. Barua yako imefika na nimecheka peke yangu: kurasa mbili nzima kuhusu mota ya kuzungusha rili, yaani lile pipa la kuviringishia mpira wa mafuta, iwe ya umeme au ya upepo (hewa ya kompresa) au haidroliki (mafuta yenye presha), lakini urefu wa mpira wenyewe hukuuandika popote!

Mota ni swali la mwisho. Anza na mpira, kisha kitakachopita ndani yake, kisha mahali rili itakapofungwa. Ukishayaandika hayo matatu kwenye karatasi, mota itakuwa imeshajichagua, na mtengenezaji hatapata mwanya wa kukuuzia kilichomlalia stoo.

Najua mkuu wako anataka ufungue katalogi, uchague, yaishe. Ingekuwa karakana ya nchi kavu ningemuunga mkono. Ila rili nyingi za katalogi zimetengenezwa kwa sakafu iliyotulia. Nyinyi mitambo yenu inatakiwa iendelee kufanya kazi meli ikiwa imeinamia ubavuni nyuzi 15, na ikiyumba hadi nyuzi 22.5. Ndivyo mashirika ya uainishaji wa meli, yale yanayozikagua na kuzipa daraja, yanavyotaka. Sitaha ikiyumba hivyo, pipa lililobeba mpira mzito halingoji amri ya mtu, linaanza kuzunguka lenyewe. Kwa hiyo breki peke yake haitoshi. Dai na pini ya kufungia pipa, iwe nene, na ifungwe kwa mnyororo mfupi isije ikaanguka baharini siku ya kwanza.

Haya, mpira. Tuseme ni ule wa dizeli uliouelezea, wa tundu la milimita 38, ambao kwa nje unakaribia milimita 50, na unataka mita 60. Kila mpira una kipimo chake cha mwisho cha kukunjwa. Ukiukunja zaidi ya hapo, waya wa ndani unabonyea na tundu linajibana. Kipimo hicho kipo kwenye karatasi ya mpira. Hupimwa kutoka katikati ya mkunjo, yaani nusu ya kipenyo. Kikiwa milimita 250, basi kipenyo cha pipa hakiwezi kushuka chini ya 500, na mimi ningeweka 600 ili mpira upumue.

Sasa hesabu. Pipa la 600 lenye upana wa 800 linapokea mizunguko 16 kwa safu moja. Safu ya kwanza inapimwa katikati ya mpira, yaani kipenyo cha 650, kwa hiyo kila mzunguko unameza kama mita 2.04. Safu nzima inakuwa karibu mita 32.7. Safu ya pili inakaa juu kidogo, inameza karibu 37.7. Jumla mita 70. Mita zako 60 zimeingia na nafasi imebaki, na nafasi hiyo utaihitaji, maana ukutani nilikofanyia hesabu mpira unajipanga vizuri kuliko utakavyojipanga mikononi mwa mtu aliyelowa mvua.

Ukiniambia mahali pako panaruhusu upana wa 400 tu, mambo yanageuka. Mizunguko ni minane kwa safu, safu tatu zinaishia mita 56 na kidogo, kwa hiyo unahitaji ya nne. Mpira peke yake unafikisha kipenyo cha mita moja, na sahani za pembeni zisipungue 1,100. Rili imekuwa nyembamba na ndefu, inasumbua upepo, na mota inavuta kwa shida kila safu inavyoongezeka, kwa sababu mkono wa nguvu umerefuka. Umeona? Kabla hujaijua nafasi, ukubwa wa mota ungeukisia tu.

Usisahau uzito. Mpira huo ukiwa umejaa maji ya bahari, yale maji peke yake ni kama kilo 70. Dizeli ni nyepesi kidogo. Watu hupima mpira mkavu, wakashangaa mbona mota inalia.

Sasa nikupeleke kwenye kiungo kinachozunguka, kile kinachopitisha dizeli kutoka kwenye bomba lililosimama kwenda kwenye pipa linalozunguka. Ningekuwa na pesa za kuweka sehemu moja tu ya rili, ningeziweka hapo. Niliwahi kufungua kimoja kilicholetwa karakana kikivuja. Rangi ya rili ilikuwa inang'aa, beringi laini, breki nzuri. Nilipotoa oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ilikuwa imevimba ikatoka kwenye mfereji wake, laini kama ufizi. Aliyeiuza alikuwa ameweka EPDM. Mpira wa aina hiyo ni mzuri sana kwa maji na mvuke, ila ukiuweka kwenye dizeli au mafuta yoyote ya madini unayanywa na kuvimba. Kwa dizeli taka nitraili, na kwa kemikali kali zaidi uliza vaitoni. Usikubali jibu la "sili ni nzuri." Waandike jina la malighafi kwenye karatasi ya rili, na usiagize rili moja ya kuhudumia vitu vyote, leo maji ya kunywa kesho dizeli. Hilo hata kwa afya za watu halifai.

Kiungo hicho waambie wakipime kwa presha ya mara moja na nusu ya ile ya kazi, pipa likiwa limesimama na pia likizunguka. Kuna viungo vinavyoshika vizuri vikiwa vimetulia, pipa likianza kuzunguka vinatoa jasho.

Chuma. Umesikia watu wakisema "stenlesi", chuma kisichoshika kutu kirahisi, kana kwamba ni kitu kimoja. Ile ya 304 haina madini ya molibdenamu, ile ya 316 ina asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kupambana na chumvi isiitoboe matundu madogo madogo. Kwa fremu na pipa la sitahani, 316 inatosha kabisa. Ila kama ndani ya kiungo kunakaa maji ya bahari yaliyotulia, hata 316 huliwa kwenye mianya, chini ya gaskiti na oringi pale usipopaona. Hapo taka bronzi ya nikeli na alumini, au zile stenlesi za daraja la juu za dupleksi. Ni ghali, najua. Fremu ya chuma cha kawaida kilichochovywa zinki na kupakwa rangi nayo si ya kudharau, hasa kama mna watu wa kuigusa rangi kila inapochubuka. Jambo ninaloligombania ni boliti za stenlesi kwenye sahani za alumini bila kitu cha kuzitenganisha. Maji ya chumvi yakiingia, alumini ndiyo inayolipa, na boliti inabaki inang'aa ndani ya tundu lililopanuka.

Sasa mota yako. Upo kwenye meli inayopeleka mizigo kwenye majukwaa ya mafuta baharini, na umesema mahali pa rili pako karibu na matundu ya kupumulia ya matenki. Ukisogea karibu na hapo, huenda umeingia eneo ambalo mvuke wa mafuta unatarajiwa kuwepo hata siku ya kawaida. Ikiwa hivyo, mota ya umeme itahitaji cheti cha kutolipua, na hilo linakuja na kebo, boksi, swichi, vyote vya aina hiyo. Mota ya upepo haina cheche za umeme, na ukiikwamisha inasimama tu bila kuungua. Inapiga kelele na inakula hewa, hilo lijue mapema, uone kompresa yenu ina nafasi. Haidroliki ina nguvu kuliko zote kwa ukubwa wake, na kama mfumo upo tayari sitahani inavutia. Shida yake ni kwamba ikivuja, mafuta yanaelekea baharini. Rili ya kurudishwa kwa springi iache kwa mipira myepesi ya hewa na maji, maana kwa mita 60 za dizeli itachoka, au itaachia ghafla ikamvunja mtu mkono.

Yoyote utakayochagua, taka swichi ya kushikilia, ukiiachia pipa linasimama. Na taka mkono wa kuzungushia kwa giabox siku nguvu ikikatika, maana siku hiyo ndiyo mpira huwa nje wote.

Kama rili itapitisha mafuta, hasa ya kujazia helikopta, uliza njia ya kuondoa umeme tuli, ule unaojikusanya mafuta yanapopita. Grisi ya beringi inaweza kutenganisha pipa na fremu bila wewe kujua, kwa hiyo pawepo njia ya uhakika kutoka kapulingi (kiungio) ya mwisho wa mpira hadi mwili wa meli, na ipimwe kwa mita kabla rili haijapokelewa.

Halafu hilo swali lako la mwisho, kwa nini majukwaa mengine yanatumia rili wakati mengine yananing'iniza mipira ubavuni. Mpira unaoning'inia unapigwa na jua na mawimbi mchana kutwa, na kuushusha kunahitaji kreni na watu wanaosimama chini ya kitu kinachobembea. Rili inaushusha na kuupandisha yenyewe, na kreni inabaki na kazi nyingine. Ukitaka kumshawishi mkuu wako, hiyo ndiyo hoja, anza nayo.

Kabla hujampelekea karatasi, pima mlango na ngazi rili itakapopita, hata kama kreni itaishusha sitahani kutoka juu. Sahani za 1,100 hazipiti mlango wa 900, na kuchomelea ndani ya meli kunataka kibali na matenki yasafishwe gesi kwanza. Wakijua mapema, wataitengeneza ifunguke vipande viwili vya boliti. Nitumie vipimo hivyo pamoja na mchoro wa nafasi, hata wa penseli, nami nitakurudishia hesabu ya pipa.

Nisalimie wote wa injini.

Wako,
Tunu