Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Kabla hujatia saini reli ya Kisumu

Kwa Mheshimiwa John Mbadi,
Waziri wa Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Kiuchumi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kutoka Kisumu. Niruhusu nianze na kazi yangu, ndipo tuifikie yako.

Kila alfajiri, kabla soko la Kibuye halijachangamka, hufungua katoni ya kilo 10 ya ngege, yaani tilapia, kutoka Uchina. Samaki huwa wameshikana kwa barafu kama tofali. Ukiwabandua kwa kisu mkia unakatika, kwa hiyo unawamwagia maji na kungoja. Wote saizi moja, ngozi imefifia, macho meupe. Kwenye beseni la pili huweka ngege wa ziwani, siku wakipatikana. Hao hawalingani: mmoja ni wa kiganja, mwingine anatosha watu watatu. Mteja hufunua mashavu ya yule wa ziwani, akaona wekundu, akatabasamu, akauliza bei, kisha akahamia beseni la kwanza. Simlaumu. Mimi nauza wote wawili, na siku nyingi ni huyo wa katoni anayenilipia kibanda. Nalisema mapema usije ukadhani nakuandikia nikiwa malaika.

Wewe uliiwakilisha bungeni Suba Kusini, iliyo kando ya Ziwa Victoria, hivyo sina haja ya kukueleza ngege ni nani na mbuta ni nani. Ila wapo watakaoisoma barua hii ambao hawajui mgongo wazi. Mbuta, yaani sangara, akivuliwa, anapelekwa kiwandani. Minofu inafungwa na kusafirishwa nje, sehemu kubwa ikienda Ulaya. Bondo, yaani kile kifuko cha hewa tumboni mwake, linakaushwa na kwenda Uchina, na kilo kwa kilo bei yake inaiacha mbali ile ya nyama. Kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama ya kubandua kwa ukucha. Huo ndio mgongo wazi. Akina mama wa mtaa wa Obunga, hapa Kisumu, huununua kutoka viwandani, wakauanika, wakaukaanga kwenye karai na kutuuzia. Mama yangu alinilipia karo kwa mgongo wazi. Ni mtamu, sikatai. Lakini ni mabaki ya samaki wetu wenyewe, na tunayanunua.

Tangu Serikali iliposema kwamba reli ya SGR, ile mpya ya kisasa, itatoka Naivasha ije Kisumu na kuendelea hadi Malaba, nimekuwa nikiwaza habari ya mgongo wazi: minofu iende kwingine, sisi tununue mabaki.

Mji huu unaijua reli. Ile ya kwanza ilifika hapa Desemba 1901, pakiitwa Port Florence, na upande huu wote ukihesabiwa kuwa Uganda. Pesa zilikuwa za mlipa kodi wa Uingereza na sababu zilikuwa za Uingereza. Babu zetu hawakuulizwa, lakini pia hawakutumiwa hati ya deni. Hii ya sasa hati inakuja kwetu, na bado hatujaulizwa.

Tazama tulikotoka. Mkopo wa kipande cha Mombasa hadi Nairobi ulitiwa saini 2014 na benki ya Exim ya Uchina, katika mafungu mawili: dola bilioni 1.6 kwa riba ya asilimia 2, na nyingine bilioni 1.63 hivi kwa riba iliyopanda na kushuka na soko, asilimia 3.6 juu ya Libor, riba ya kipimo ya benki za London. Mwaka uliofuata tukakopa dola bilioni 1.5 za kufika Naivasha. Treni ya Nairobi ilizinduliwa 2017, ya Suswa, upande wa Naivasha, 2019, na hapo reli ikakoma kati ya nyasi na ng'ombe wa Wamaasai. Mikataba yenyewe wananchi hatukuiona mpaka Novemba 2022, Wizara ya Uchukuzi ilipotoa sehemu yake. Tuliposoma tukakuta kwamba mgogoro wowote utaamuliwa Beijing, na kwamba tulikuwa tumeahidi kuyafanya masharti kuwa siri. Miaka 8 tumelipa deni ambalo masharti yake hatukuruhusiwa kuyajua! Hata mama wa Obunga akikopa kwenye chama, jina lake na riba yake husomwa mbele ya wanachama wote.

Sasa niunganishe samaki na reli, kwa sababu naamini viliwahi kukaa meza moja.

Oktoba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alishangaa hadharani kwa nini tunaagiza samaki kutoka Uchina, na marufuku ikatangazwa. Hapa sokoni tulishangilia, hata sisi tuliokuwa na katoni kwenye friza. Haikupita muda magazeti yakaandika kwamba ubalozi wa Uchina umeona hiyo ni vita ya kibiashara. Marufuku ikayeyuka kama barafu ya katoni zangu. Aprili 2019 Rais, akifuatana na marehemu Raila Odinga, alikuwa Beijing, na wengi huku tulitarajia warudi na mkopo wa kuileta reli Kisumu. Walirudi bila huo mkopo. Sina karatasi inayosema samaki waliachiwa kwa ajili ya reli, na sitakuambia ipo. Ninachojua ni kwamba samaki waliendelea kuja na reli haikuja.

Basi nije kwako. Oktoba 2025 ulitangaza kwamba ile mikopo mitatu ya SGR imegeuzwa kutoka dola kuwa yuan, sarafu ya Uchina, kwa riba ndogo, na kwamba tutaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Nilifurahi, na wala sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta. Mwenye duka akibadilisha deni la riba kubwa kwa la riba ndogo amefanya jambo la busara. Lakini jioni hiyo nikajiuliza swali la kisokoni: yuan za kulipia tutazipata wapi? Mwenye deni la yuan ni lazima auze kitu kwa mwenye yuan, la sivyo ataenda kuzinunua kwa dola zilezile alizokuwa akizikimbia. Na sisi tunanunua kwa Wachina mara nyingi kuliko tunavyowauzia. Mimi mwenyewe ni ushahidi, njoo uone friza yangu.

Utaniambia kwamba mnamo Juni 2025 Uchina ilitangaza kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi za Afrika zilizo na uhusiano wa kidiplomasia nayo. Sawa. Lakini watu wa ziwa tulishafundishwa kwamba ushuru ni mlango wa nje tu, kuna wa ndani. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, mara bakteria, mara kipindupindu, mara sumu ya kuvulia. Suala la ushuru halikuwamo hata kidogo. Ilikuwa ni maabara, barafu, na sakafu ya pale ufukweni samaki wanaposhushwa. Ukienda leo kwenye fuo kadhaa utawakuta samaki wamemwagwa kwenye mchanga, na mtambo wa baridi umefungwa kwa kufuli iliyoota kutu. Bondo linasafiri kwa sababu ni kavu. Ngege hasafiri bila baridi.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma kidogo na kunichekesha kidogo. Ushuru wa reli, ulioanza 2013 kwa asilimia 1.5 na sasa ni asilimia 2, hutozwa kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Maana yake, kila katoni ya ngege wa Uchina ninayofungua imechangia reli. Friza ilichangia. Na mteja wangu, ambaye hajawahi kupanda SGR, anachangia anapokula. Sasa mmesema mapato hayo ya miaka ijayo yatatumika kupatia pesa za kuisukuma reli mbele, kama mlivyofanya na shilingi 7 kati ya zile 25 za tozo ya barabara katika kila lita ya mafuta. Huko ni kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Mkulima hufanya hivyo akibanwa, simcheki, lakini hafanyi bila kumwambia mke wake ni magunia mangapi na ni kwa bei gani.

Sipingi reli. Wapo wenzangu wanaosema tuitumie vizuri ile ya zamani, iliyofufuliwa mpaka treni ya abiria ikarudi hapa Desemba 2021, na hoja yao ina uzito kuliko inavyosikizwa Nairobi. Bandari yetu nayo ilikarabatiwa, na meli ya MV Uhuru ikaanza tena kupeleka mafuta Port Bell, Uganda, mwishoni mwa 2019. Nikisimama pale gatini naona mafuta yakienda. Cha kurudi ndicho nakitafuta kwa macho. Treni inayokuja na mzigo na kurudi mabehewa matupu hailipi deni, iwe la dola au la yuan.

Ombi langu ni kwamba mkataba uchapishwe wote kabla ya saini, pamoja na viambatisho, na uwekwe pia kwa Kiswahili. Ulipokuwa upande wa upinzani, na hata ulipoongoza Kamati ya Hesabu za Umma, kazi yako ilikuwa kudai karatasi kama hizo. Sasa ziko kwenye dawati lako. Uandike ndani yake mabehewa ya baridi, idadi yake na yataanza lini, maana yakiachwa nje ya mkataba tutaambiwa awamu ya pili, na awamu ya pili sote tunaijua. Na uandike wazi kwamba Kenya inabaki na uhuru wa kuamua ni samaki gani waingie na kwa ushuru gani, bila deni la reli kutajwa. Wakopeshaji wakikataa kipengele hicho, tutakuwa tumejua jambo ambalo tangu 2018 tumekuwa tukilibahatisha.

Ukija Kisumu kabla ya siku hiyo, usiishie bandarini. Pitia Kibuye, ila uje alfajiri nikifungua katoni. Ukichelewa hadi saa saba utakuta wote wameshakaangwa, na hapo hata mimi siwezi kukuonyesha yupi ni wa wapi.

Wako mtiifu,
Muuza samaki, Kibuye