Proksi Inaelemewa Huku Prosesa Imetulia

Wateja wenye seva ya proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwenye tovuti, hutuletea lalamiko moja linalofanana sana. Watumiaji wakiwa wachache, kila kitu kinakwenda vizuri. Wakiongezeka, kurasa zinachelewa, halafu zinagoma kabisa kufunguka. Ukiangalia prosesa, haijafika hata nusu ya uwezo wake, na kumbukumbu imebaki tele. Msimamizi anaiwasha seva upya, mambo yanatengemaa, kisha baada ya muda hali ni ileile.

Tunaomba sana: usikimbilie kuiwasha upya. Ukifanya hivyo, ushahidi mwingi unafutika. Tatizo likiwa bado linaendelea, andika kwanza amri ya ss -s, uone miunganisho mingapi iko wazi na mingapi imekwama kwenye hali ya TIME_WAIT, yaani imeshafungwa lakini bado inasubiri kuachiliwa. Kisha soma mistari ya mwisho ya dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha Linux) na ya logi ya proksi yenyewe, yaani faili inamoandika matukio yake. Hifadhi matokeo hayo, ndipo uwashe.

Mara nyingi kilichoisha ni idadi ya faili ambazo programu inaruhusiwa kufungua. Linux huhesabu kila muunganisho kama faili, na kikomo cha kawaida ni 1024. Proksi hutumia mbili kwa kila anayehudumiwa: upande mmoja mtumiaji, upande wa pili tovuti anayoitaka. Ikiwa inasoma akiba iliyoko kwenye diski, inahitaji ya tatu. Watu mia tano wanatosha kuijaza, na kumbuka kivinjari cha mtu mmoja hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo. Squid, mojawapo ya programu za proksi, huandika onyo waziwazi kwenye logi yake inapokaribia kuishiwa, ila onyo hilo halisomwi. Kikomo hupandishwa kwa mstari wa LimitNOFILE katika faili ya huduma ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Wengi hubadilisha limits.conf, faili ya vikomo vya watumiaji wanaoingia kwenye mfumo, wasione tofauti yoyote, wakakata tamaa. Huduma inayowashwa na systemd haiifuati faili hiyo. Hakikisha kwa kusoma /proc, chini ya namba ya mchakato husika, kwenye faili la limits.

Kama proksi yako inapeleka maombi yote kwa seva moja ya nyuma (ile inayoyajibu maombi hayo), kuna ukuta mwingine. Kila muunganisho unaofunguliwa na proksi huhitaji poti ya muda, yaani namba ya kuutambulisha, na Linux hutoa poti hizo kuanzia 32768 hadi 60999, yaani 28,232. Proksi ikiwa ndiyo inayofunga muunganisho, poti hukaa sekunde 60 kabla ya kuachiliwa. Gawanya, utapata miunganisho mipya kama 470 kwa sekunde, basi. Dawa tunayoipendelea ni kuiacha miunganisho ya nyuma wazi ili itumike tena na tena, badala ya kufungua mpya kwa kila ombi. Kupanua masafa ya poti husaidia, lakini hukununulia muda tu.

Ukikuta dmesg inalalamika kuhusu nf_conntrack, sehemu ya Linux inayofuatilia miunganisho, basi jedwali la ngome ya mtandao (firewall) limejaa na pakiti zinatupwa kabla hazijaifikia proksi. Hapo usiisumbue proksi.

Ndiyo maana hatukubali kumuuzia mteja seva kubwa zaidi kabla ya kuona vipimo hivi. Vikomo vyote hivi vinaweza kumfuata hadi kwenye mashine mpya.

Baada ya marekebisho tunaipima proksi kwa mzigo mzito, tukituma maombi kutoka mashine kadhaa. Mashine moja ikituma peke yake, inaweza kuishiwa poti zake kabla proksi haijaelemewa, na kipimo kitakuwa cha mashine hiyo.