Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Samaki

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua: vikao vya kamati vilikaa, mafunzo ya ulishaji yalitolewa, nyavu za chama zilishonwa, daftari la mavuno limekaguliwa. Sitazirudia.

Nitakaa kwenye mabwawa ya pamoja, maana maneno yamekuwa mengi, na wasemaji wakubwa hawakuwepo kwenye kikao kilichoamua. Kamati, kwa pendekezo langu, ilikataa kutumia akiba kununua vifaranga ikaitumia kujenga mabwawa upya. Mkasema mwenyekiti anafuga matope. Nijibu.

Mabwawa yale yalichimbwa kwa mfuatano, maji ya la juu yakimwagikia la chini. La mwisho lilikuwa linapokea kinyesi, mabaki ya chakula, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) na vimelea vya yote yaliyolitangulia. Kutibu moja ilikuwa kazi bure. Sasa kila bwawa lina bomba lake la kuingizia na mtaro wake wa kutolea. Bomba la kuingizia linamwaga kutoka sentimita 20 hadi 30 juu ya uso wa maji ili yachukue hewa, na mdomoni lina mfuko wa wavu wa kuzuia samaki wa porini.

Kina nacho. Kandokando kulikuwa na maji ya sentimita 30: magugu yakaota, konokono wanaobeba minyoo wakazaliana, ndege wakasimama humo wakijiokotea. Sasa upande wa kina kifupi una sentimita 80, upande wa kutolea mita 1.5. Waliotaka mita 3 ili “samaki wawe wengi” wajue kwamba maji marefu yaliyotulia hujigawa matabaka. La chini hukosa oksijeni, na siku mvua kubwa au upepo ukiyachanganya, samaki hufa kwa usiku mmoja.

Tuta linalala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, na 3 penye udongo wa kichanga. Lilishindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, na kilele kinazidi maji kwa angalau sentimita 30. Sakafu inateremka sentimita 50 hadi 100 kwa kila mita 100, kwa sababu bwawa lisilokauka lote hubaki na tope jeusi linalokula oksijeni, na samaki waliobaki huambukiza kundi jipya. Bomba la kutolea limevishwa bomba pana lenye matundu chini, ili yanayotoka yawe maji yaliyochoka ya chini, siyo ya juu yenye hewa.

Kosa moja nalikubali: tulijaza maji kabla nyasi hazijashika kwenye tuta, ingawa mvua nayo haikuomba ruhusa ya kamati. Udongo ukaingia, mwanga ukazuiwa, maji yakachelewa kuwa ya kijani, yaani kuota vijimea vidogo ambavyo samaki hula.

Wanaolaumu chakula samaki wasipokula vizuri waende bwawani alfajiri, oksijeni inapokuwa chini kabisa. Ikishuka mno, perege hula vibaya. Ikiendelea kushuka, hupanda juu wakihema. Msipime kwa kambare. Huyo huvuta hewa ya juu, hivyo huficha ubaya wa bwawa.

Mkutano wa kujadili haya uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Waliolipa ada hawafiki nusu. Wanaodai vifaranga kwa sauti kubwa wengi wao wamo kwenye orodha ya wadaiwa, na orodha iko kwa mhazini, anayetaka akaione. Bila juhudi binafsi za mwenyekiti, hata chokaa ya kutibu sakafu isingepatikana.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kupata kipimo cha oksijeni na pengine kuongeza bwawa la vifaranga. Pia miti iliyoota juu ya matuta itakatwa, kwani mizizi yake ikioza huacha matundu ya kuvujisha maji. Waliopanda wanajijua.

Mwenyekiti