Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Hori la Mida na Mlango wa Sabaki

Ndugu wanachama,

Naanza na fomu, kwa kuwa ndiko tulikoteleza. Fomu zetu za Januari, tunazojaza tukihesabu ndege wa maji hapa pwani ya Kenya, zilirudi na visanduku vitupu vingi. Sifuri humwambia mratibu wa hesabu kwamba tulitazama na ndege hakuwepo. Kisanduku kitupu humwambia hatukutazama, na programu ya kompyuta hukijaza kwa makadirio ya miaka na vituo vingine. Kwa njia hiyo ndege aliyekwisha kutoweka Mida anaweza kuendelea kuhesabika kwenye makaratasi. Kuanzia sasa kila spishi ya orodha yetu isiyoonekana iandikiwe 0. Sehemu isiyofikiwa iandikwe wazi kwamba haikufikiwa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu fomu zetu haziishii Nairobi. Zinaingia kwenye Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Maji, inayofanyika kila Januari tangu 1967. Humo ndimo hupatikana ukubwa wa kila kundi, yaani jumla ya ndege wa spishi moja wanaotumia njia moja ya uhamaji, na kipimo kinachotajwa kila mara cha Ramsar, mkataba wa ardhi oevu, cha kutambua eneo lenye umuhimu wa kimataifa: eneo lenye asilimia 1 ya kundi, au ndege wa maji 20,000, kwa kawaida na si kwa bahati ya siku moja. Mkataba wa AEWA, ulioanza kutumika 1999 na unaohusu spishi 255 za ndege wa maji zinazohama kati ya Afrika na Ulasia, nao hupanga hadhi ya kila kundi kwa hesabu hizo. Nchi wanachama zilikutana Bonn mwezi Novemba. Zinapojadili ndege gani wasiwindwe, huwa na takwimu mezani, na sehemu yake hutoka kwenye matope yetu.

Mwangalieni mla kaa, Dromas ardeola. Huchimba shimo mchangani kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Iran na Somalia, hutaga yai moja tu jeupe, kisha huja kwetu kukaa hadi msimu wa kuzaa urudi. Ndege wa yai moja hafidii hasara upesi. Kitwitwi wa Siberia, Calidris ferruginea, na yule mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, walipandishwa Oktoba 2024 hadi daraja la walio hatarini (Vulnerable) katika Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa ya viumbe wanaoweza kutoweka. Wote wawili tumewazoea mno hapa Mida, na ndiyo maana watu huwakadiria kwa jicho tu.

Hesabu ijayo ni Jumanne, 20 Januari 2026. Mwezi unakufa tarehe 18, hivyo tutakuwa kwenye bamvua, yaani maji makubwa, na maji ya bahari kuu yatajaa alasiri. Ndani ya hori huchelewa kidogo. Wakati wa maji mafu, yaani madogo, ndege hubaki wametawanyika kwenye matope, kwa hiyo tusihesabu siku hizo. Kila timu ya wahesabuji iwe mahali pake muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni. Vituo vyote vihesabu kwa wakati mmoja, maana kundi la ndege likishtuliwa na mtumbwi huhamia kituo cha pili na kuhesabiwa tena. Andikeni saa ya kila kundi linaloruka na linakoelekea. Sululu hupumzika juu ya mikoko, si mchangani, na mwaka huu hakuna aliyepangiwa kuitazama mikoko. Kundi kubwa lihesabiwe kumi kumi: pima kumi kwa jicho, lipitishe pimo hilo kundi zima, kisha rudia kutokea upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana sana, hesabu ya tatu.

Pete ambazo watafiti huwavisha ndege miguuni: kushoto ni kushoto kwa ndege, si kwako. Taja mguu, juu au chini ya goti, na rangi kuanzia juu kwenda chini. Herufi usiyoisoma vizuri iache wazi, usiikisie.

Kamati ilialikwa kupanda mikoko kwenye matope wazi katikati ya hori, ikakataa. Najua baadhi yenu hamkupendezwa. Matope hayo ndiyo sahani ya vitwitwi: kaa, minyoo na chaza wadogo wanapatikana pale maji yanapokupwa. Na miche yenyewe haidumu huko, kwani mkoko unataka mahali palipo juu kidogo, panapokauka sehemu kubwa ya siku. Chini yake miche huzama, hushikwa na kome na mawimbi, hufa, kisha mwaka unaofuata hupandwa mingine na kupigwa picha. Palipokatwa mikoko, penye visiki, tutashiriki. Kwanza tutazibua mikondo iliyozibwa, kwa kuwa mbegu za mkandaa na mchu, aina mbili za mikoko, huja zenyewe maji yakipita.

Hesabu ya fedha ataisoma mweka hazina.

Hesabu ya Julai tumeipuuza miaka yote, kana kwamba wahamaji hutoka kaskazini pekee. Ndege aitwaye Glareola ocularis huzaa Madagaska, na miezi ya katikati ya mwaka ndiyo huonekana mlangoni mwa mto Sabaki. Wanaotaka kuhesabu Julai 2026 wajiandikishe kwa katibu kabla ya Mei. Tunahitaji darubini ya miguu mitatu moja kwa kila ukingo wa mto, na kwa sasa ya ukingo wa kaskazini hatuna.