YAH: MALALAMIKO KUHUSU DRONI MLIYONIUZIA UKAGUZI WAKE WA USALAMA UKIWA UMEZIMWA

Meneja wa Mauzo na Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu kutoka Dakawa, wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Miezi miwili iliyopita nilinunua dukani kwenu droni ya mota nne ya kupigia picha mashamba. Ilikuja na bodi ya Pixhawk (ndiyo ubongo wa droni), GPS ya mlingoti, rimoti, jozi ya redio za telemetri (za kutuma taarifa kati ya droni na laptopu) na betri mbili za seli nne. Nililipa shilingi 2,850,000 taslimu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mchango wa wakulima 11 wa mpunga, tuliokubaliana kupata ramani ya majaruba yetu kabla ya kupanga upya zamu za maji. Fundi wenu alinikabidhi kwa maneno haya: "Kaka, hii imeshafanyiwa kila kitu. Wewe chora njia kwenye laptopu, irushe, itakwenda yenyewe. Setingi usiguse."

Sikugusa. Nilimwamini kwa sababu yeye ndiye fundi na mimi ndiye mnunuzi.

Jumamosi ya wiki iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilisimama kwenye tuta la mfereji, upepo ukiwa haujaanza. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ninacho, betri ilikuwa imejaa, nikasubiri GPS ikapata setilaiti 14. Nikawasha mota, nikaweka swichi kwenye hali ya kujiendesha (Auto), nikainua gesi. Droni ikapanda wima, safi kabisa, hadi kama mita 10. Kisha, badala ya kushika mstari wa kwanza wa njia niliyoichora, ikaanza kuteleza kwa ubavu. Ikajirudi, ikateleza tena, kila mzunguko ukiwa mpana kuliko uliotangulia, kama mwewe anayetafuta kifaranga. Nikaipeleka swichi kwenye Loiter ili isimame palepale: ikazidi kuzunguka. Nikaipeleka kwenye RTL ili irudi ilikoondokea: ikageuka na kwenda upande mwingine kabisa, moja kwa moja kwenye dungu la jirani yangu.

Juu ya dungu hilo walikuwapo bibi na mjukuu wake wa miaka tisa, wakiamia ndege. Mpunga wa upande ule umeshabeba na kweleakwelea hawana simile msimu huu, kwa hiyo familia nzima hupokezana kuanzia alfajiri. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Bibi alimshika mtoto mkono wakaruka wote wawili, wakaangukia kwenye matope. Droni ikagonga nguzo, propela mbili zikavunjika, mlingoti wa GPS ukang'oka. Nilipopanda dunguni baadaye nilikuta kipande cha propela, urefu wa kidole changu cha kati, kimechoma nyasi za ukuta na kunasa humo, usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi. Nimekitunza. Bibi ameteguka kifundo cha mguu na mpaka leo anachechemea.

Nilipowapigia simu siku hiyohiyo, jibu lenu lilikuwa kwamba nimeirusha vibaya, na kwamba dhamana haihusu "makosa ya rubani". Ndiyo maana naandika barua hii, kwa sababu sasa ninajua nini kilitokea, na ushahidi umo ndani ya kifaa chenu wenyewe.

Bodi ya aina hii huandika kumbukumbu ya kila safari kwenye memori kadi yake, pamoja na setingi zote zilivyokuwa safari inapoanza. Nilikesha usiku wa siku mbili nikisoma mafaili hayo kwa programu ya Mission Planner, na maelezo ya ArduPilot, programu inayoiendesha bodi hiyo, nikiwa nimeyafungua pembeni. Nilichokikuta ni hiki. Setingi iitwayo ARMING_CHECK ilikuwa 0. Kwa kawaida huwa 1, maana yake bodi ikague kila kitu (dira, GPS, sensa, betri, rimoti) na ikatae kuwasha mota kama kuna kasoro. Sifuri maana yake isikague chochote. Mtu wa karakana yenu aliizima.

Na sababu ya kuizima inaonekana kwenye setingi hizohizo. COMPASS_OFS_X, Y na Z, yaani namba za kusahihisha dira, zote ni sifuri. Dira ikishapimwa ipasavyo, yaani mtu akaishika droni na kuizungusha pande zote hadi programu iridhike, namba hizo hubadilika. Sifuri tatu kwa mpigo zinasema dira hii haijawahi kupimwa tangu ifungwe. Ukaguzi usingezimwa, bodi ingekataa kuwasha mota na kuandika kwenye skrini kwamba dira haijapimwa. Badala ya kutumia dakika chache kuipima, fundi wenu aliiziba mdomo bodi.

Ubaya haukuishia hapo. Niliokota kile kifuniko cha GPS matopeni, nikakifuta. Mshale unaoonyesha mbele ni stika mpya, na chini yake ipo alama ya gundi ya stika ya zamani, ikielekea kushoto. Maana yake GPS ilifungwa ikiwa imegeuzwa nyuzi 90, na mtu akaona njia rahisi ni kubandika mshale mwingine. Dira iliyo ndani ya kile kiboksi haisomi stika. Ilikuwa inaiambia droni kwamba mashariki ni kaskazini. Droni ikisukumwa kidogo na hewa ilijisahihisha kwa kwenda upande usio wake, ikajikuta mbali zaidi, ikajisahihisha tena kwa kosa lilelile. Kule kuzunguka nilikokuona kumeelezwa na watu wa ArduPilot miaka mingi iliyopita, na dira mbovu ndiyo wanayoitaja kwanza. Kama upimaji ungefanyika, kosa hili lingeweza kujitokeza mezani kabla droni haijaiona nyasi.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuishusha kwa mkono. Rimoti mliyonipangia ina hali tatu: Auto, Loiter na RTL. Zote tatu zinategemea GPS na dira. Stabilize, hali ya kurusha kwa mkono ambayo haihitaji hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo rubani hukimbilia mambo yanapoharibika, hamkuiweka popote. Nilibonyeza kila swichi niliyokuwa nayo na kila moja ilinirudisha kwa dira ileile iliyokuwa inadanganya. Ulinzi wa rimoti kupoteza mawasiliano, FS_THR_ENABLE, nao mliuweka 0. Programu ya ArduPilot mliyoiweka ni toleo la 3.6, ilhali 4.0 lilitoka Desemba 2019, na matoleo yaliyofuata yana uwezo wa kukisia uelekeo kwa mwendo wa GPS pale dira inapopingana na ukweli.

Msije mkasema nilizibadili mwenyewe. Faili la kwanza kwenye kadi ni la jaribio lenu, na saa ya GPS ndani yake inaonyesha siku nne kabla sijanunua. ARMING_CHECK humo ni 0. Mliirusha dakika moja na sekunde 40, mwanzo hadi mwisho ikiwa Stabilize, hali ambayo mimi hamkuniachia. Hamkuwahi kujaribu hata mara moja kuona kama inasimama yenyewe hewani, sembuse kufuata njia, na hicho ndicho kitu nilichokuja kununua.

Kuna na suala la redio za telemetri. Niliagiza za 433 MHz, mkanifungia za 915. Bendi hiyo ni ya matumizi huria kwa nchi za Amerika. Huku kwetu inaingiliana na masafa ya mitandao ya simu, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakiniuliza kwa nini nairushia hewani, wa kujibu ni mimi.

Ninataka ieleweke kwamba sina ugomvi na Pixhawk wala ArduPilot. Mradi wa Pixhawk ulianzia chuo cha ETH Zurich, Uswisi, na usanifu wake uko wazi kwa yeyote. ArduPilot inajengwa na watu wa nchi nyingi, na programu pamoja na maelezo yake hupatikana bure. Bodi ningeweza kuiagiza mwenyewe. Mlichoniuzia ninyi, na mlichotoza fedha ya wakulima, ni kazi ya kuiandaa: kufunga, kupima, kujaribu. Kazi hiyo haikufanyika. Mbaya zaidi, kengele ambayo ingetuambia kwamba haikufanyika mliikata waya.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 2,850,000 zote, si kunipa propela mpya kama mlivyopendekeza kwenye simu. Gharama za matibabu ya bibi, ambazo stakabadhi zake nimeziambatisha, mzilipe kwake yeye moja kwa moja. Na hili ndilo lililonifanya niandike hata kabla hasira haijapoa: wapigieni simu wateja wote waliochukua droni kutoka karakana hiyo, leo, muwaambie wasirushe hadi waangalie ARMING_CHECK na waipime dira upya. Fundi wenu aliniambia kwa kujivunia kwamba wiki ile peke yake alishakabidhi nyingine tatu. Moja, alisema, inakwenda shule ya sekondari.

Nitasubiri majibu yenu kwa maandishi kwa siku 14. Nisipoyapata, nitaipeleka barua hii pamoja na mafaili Tume ya Ushindani na TCAA. Nakala za mafaili yote mawili, picha za kifuniko cha GPS na picha ya kipande cha propela zimeambatishwa. Droni yenyewe ipo kwangu, sijaifungua wala kuifuta matope zaidi ya hicho kifuniko. Mkitaka kuikagua mtumeni mtu, ila asiwe fundi yule aliyeiandaa. Nitampeleka hadi dunguni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, kwa niaba ya wakulima 11 wa mpunga,
Dakawa, Mvomero.