Barua kwa Rukia: nani kachana kurasa?

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rukia,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku wazima, ila mama goti linamsumbua na mvua hizi. Mengine baadaye. Kitabu ulichompa Athumani aniletee, *The Moving Toyshop* cha Edmund Crispin, kimefika hakina kurasa za mwisho!

Nilikianza Alhamisi usiku, nikasema nisome sura moja nilale. Thubutu. Yule mshairi Cadogan anakwenda Oxford kupumzika, usiku wa manane anapita duka la midoli, mlango hawakuufunga. Mwenye akili zake angeshika njia. Yeye anaingia, anapanda juu, anakuta bibi mtu mzima kanyongwa, mara naye anagongwa kichwani. Kuzinduka, anatoroka na kwenda kuwaita polisi. Wanarudi naye, duka la midoli hakuna. Pale pale pana duka la vyakula! Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Polisi hawamwamini, na mimi nisingemwamini. Ndipo anamkimbilia rafiki yake Gervase Fen, profesa wa fasihi, mwenye kigari chekundu kinachoendeshwa kama kimeibwa. Basi mwalimu na mshairi wanavaa kazi ya upelelezi, na mkuu wa polisi wa huko, rafiki yake Fen, yeye roho yake iko kwenye fasihi. Kila mmoja anatamani kazi ya mwenzake. Wakikosa la kufanya wanashindana kutaja vitabu visivyosomeka. Na pale njia panda, Cadogan anasema twende kushoto, maana mchapishaji wa kitabu hiki ni Gollancz! (Huyo mzee alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto.) Mhusika anajua yumo kitabuni, mwaka 1946, na aliyeandika ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Edmund Crispin si jina lake hasa, ni Bruce Montgomery, mtunzi wa muziki wa filamu.

Nikamkumbuka Bwana Msa wetu, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla. Unakumbuka tulivyogombania *Mzimu wa Watu wa Kale*, wewe unataka kusoma kwa sauti na mimi nataka kufunua ukurasa? Bwana Msa naye si polisi, lakini yule anatulia na kiko chake, rafiki yake Najum ndiye anayehangaika. Huyu Fen hatulii hata kidogo. Ila bahati zimezidi, shoga. Kila kona wanakutana na mtu wanayemtafuta, utadhani Oxford ni mtaa wetu wa Ngamiani.

Sasa turudi kwenye kurasa. Wale warithi wa bibi tajiri, waliopewa majina ya siri kutoka vishairi vya kuchekesha vya Edward Lear, Ryde, Leeds, West, Mold na Berlin, nilishawaandika nyuma ya risiti ya umeme, na ninayemshuku nimempigia mstari. Nafunua ukurasa, nakutana na jalada.

Nikaanza upelelezi wangu. Mahali palipochanika pana doa la mafuta, na katikati ya kitabu nimekuta ganda la karanga. Athumani anaapa kakipokea hivyo hivyo, hajakifungua, na Kiingereza chake chote kinaishia kwenye salamu. Lakini basi lao lilikaa mpakani Horohoro saa tatu nzima, na unamjua Athumani na karanga. Nikamtega. Nikamwambia, “Mwisho wake mbaya sana, sivyo?” Akajibu haraka, “Mbaya nini, na wanakimbizana mpaka kwenye bembea ya farasi wa mbao!”

Akagundua kosa lake. Eti aliona kwenye filamu ya zamani. Nikaulizia, na kweli mwongoza filamu Hitchcock alilichukua tukio hilo la bembea akalitia kwenye filamu yake ya 1951, *Strangers on a Train*. Nikataka kumwomba radhi. Halafu usiku, nikiwa nimelala, nikakaa kitako kitandani: filamu ile ni ya Marekani, wachezaji tenisi, hakuna Oxford wala duka la midoli. Kajuaje kuwa bembea ni ya kitabu hiki?

Asubuhi nimemfuata. Kanyamaza, kisha kaniuliza kama nina karanga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sasa najua wanafika kwenye bembea na sijui nani yuko juu yake. Naye anakataa kusema! Anasema nisubiri nisome mwenyewe, itakuwa tamu. Mtu kanichania kitabu, halafu ananifundisha subira.

Hebu niambie: ulipomkabidhi, kurasa zilikuwemo? Wewe mwenyewe ulifika mwisho, au ulikituma kama ulivyotuma kile cha mapishi? Salim wako bado anatengeneza mashua za karatasi? (Simtuhumu, nauliza tu.) Yule mwalimu aliyekuuzia ana nakala nyingine? Ukiipata, utanipigia picha kurasa kuanzia pale Fen anaposema ameshajua? Lakini jina usiniandikie, tafadhali, wala kwa kudokeza. Au nitajie tu kama ni huyo niliyempigia mstari? Hapana, usinitajie. Na shemeji anarudi lini huku, maana safari hii vitabu atabeba yeye?

Wako,
Zuhura

Athumani amepita sasa hivi, anauliza kama una kingine cha huyu Crispin.